TUUFAHAMU MKOA WA TABORA: NJIA YA MISAFARA NA NCHI YA ASALI



  

Katika jarida letu la mwaka huu tumeonelea tuitazame sehemu mojawapo ya nchi yetu iliyo mbali na bahari, nayo ni mkoa wa Tabora. Huenda mwanafunzi akauliza: sisi tuko Kinyerezi, Dar es Salaam, Tabora inatuhusu nini? Jibu ni kwamba inatuhusu sana. Wapo miongoni mwetu ambao babu na bibi zao wametoka huko. Na wapo wengine, kwa kutojua, wanaodhani kuwa Kiswahili na Uislamu viliishia pwani, na kwamba mtu akitoka bara basi ni mshamba asiye na historia. Dhana hiyo si sahihi, na dawa ya dhana mbaya ni elimu. Basi tufuatane hatua kwa hatua.

1. MAHALI MKOA ULIPO

Tabora ipo katikati ya magharibi ya Tanzania. Kaskazini inapakana na Shinyanga, mashariki na Singida, kusini na Mbeya, na upande wa magharibi na Katavi na Kigoma. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 76,000, kwa hiyo ni miongoni mwa mikoa mikubwa sana nchini. Katika sensa ya mwaka 2012 wakazi walikuwa karibu milioni 2.3. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa wamezidi milioni 3.3. Wilaya zake ni saba: Tabora, Uyui, Nzega, Igunga, Sikonge, Urambo na Kaliua.

Nchi yenyewe ni uwanda wa juu, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Ndiyo maana usiku wa Juni na Julai huko una baridi ambayo sisi wa Dar es Salaam hatuijui. Sisi tunapata vuli na masika, lakini wenzetu wa Tabora wana msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Miezi inayobaki ni kiangazi kitupu. Mkulima akikosea msimu huo mmoja, hana mwingine wa kusahihishia.

Liko jambo moja la ajabu kuhusu maji ya mkoa huu. Mvua ikinyesha upande wa Urambo na Sikonge, maji huingia mto Ugalla, Ugalla humwaga katika Malagarasi, na Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika. Kutoka hapo maji hupita mto Lukuga hadi mto Kongo, na mwisho wake ni bahari ya Atlantiki, upande wa pili wa Afrika! Lakini mvua ikinyesha Igunga, maji hufuata mito ya Manonga na Wembere, huelekea Ziwa Kitangiri na kisha Ziwa Eyasi, ambalo halina njia ya kutokea. Maji hayo hayafiki bahari yoyote. Mkoa ni mmoja, lakini maji yake yana safari mbili tofauti kabisa.

2. ASILI YA MAJINA

Wenyeji wa asili wa sehemu kubwa ya mkoa huu ni Wanyamwezi. Inasimuliwa kwamba jina hili walipewa na watu wa pwani, kwa kuwa walitoka upande wa magharibi, ambako mwezi mwandamo huonekana baada ya jua kuzama. Sisi ambao kila mwaka tunatazama upande huo huo kutafuta mwezi wa Ramadhani na wa Idi, tunaielewa vizuri maana hiyo.

Ama jina la Tabora, wazee wengi husema limetokana na matoborwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa ili viliwe wakati wa kiangazi au safarini. Zamani eneo hilo lilikuwa katika utemi wa Unyanyembe, na kituo cha wafanyabiashara kilijulikana kwa jina la Kazeh.

3. NJIA YA MISAFARA

Wengi hufikiri kwamba njia ya kutoka pwani hadi bara ilifunguliwa na wageni. Ukweli ni kwamba Wanyamwezi wenyewe walikuwa wasafiri tangu zamani. Walifanya biashara ya chumvi na majembe ya chuma kati yao na jirani zao. Mnamo mwanzo wa karne ya 19 walikuwa tayari wanafika pwani kwa miguu, wakileta pembe za ndovu na kurudi na vitambaa na shanga. Waarabu na Waswahili wa pwani na Unguja waliifuata njia hiyo hiyo hadi Unyanyembe.

Kazeh ilikuwa njia panda. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika hapo. Kisha mmoja ulielekea Ujiji na nchi za Kongo, na mwingine ulielekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Mwezi Novemba 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Kazeh wakapokewa kwa ukarimu na mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Snay bin Amir. Mwaka 1872 David Livingstone alikaa miezi kadhaa Kwihara, karibu na mji. Tembe lililo kumbukumbu yake lipo mpaka leo kama makumbusho. Tembe ni nyumba ya udongo yenye paa bapa.

Tuifikirie kazi ya mpagazi. Mzigo wake wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, mbali na chungu chake cha kupikia na mkeka wake wa kulalia. Safari ya kutoka pwani hadi Tabora ilichukua kiasi cha miezi mitatu. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, na kijana aliyekwenda pwani akarudi salama alihesabiwa kuwa mtu mzima. Njiani waliingia nchi za watu, wakahitaji maji, chakula na amani. Katika mazingira hayo ulikua utani baina ya makabila, ukiwemo utani wa Wanyamwezi na Wazaramo. Kinyerezi yetu imo katika ardhi ya Wazaramo, basi utani mnaousikia misibani na harusini ni mabaki ya njia ile.

Kiswahili nacho kilisafiri kwa miguu ya watu hao. Kilipofika Tabora kilipata makao, kikaenda Ujiji na hadi mashariki ya Kongo. Uislamu ulifuata mkondo huo huo. Masheikh na walimu walifungua vyuo vya Qur'ani, na mwishoni mwa karne ya 19 tariqa ya Qadiriyya ilikuwa imeenea huko. Wageni na wenyeji walioana. Mfano ni Muhammed bin Juma, baba yake Hamed bin Muhammed anayejulikana kama Tippu Tip, ambaye alioa binti wa Mtemi Fundikira aitwaye Karunde.

4. UPANDE WENYE MAUMIVU

Hapa hatuna budi kusema kweli. Njia hiyo hiyo iliyopitisha lugha, nguo na elimu, ilipitisha pia watumwa. Watu walitekwa katika vita na uvamizi, wakafungwa na kutembezwa mamia ya kilomita. Wengine walifia njiani, wengine wakauzwa Unguja, na wengine wakabakishwa Unyanyembe kulima mashamba ya matajiri. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukwisha siku hiyo. Hapa Tanganyika sheria ya kuufuta ilikuja mwaka 1922.

Waliofanya biashara hiyo walikuwa mchanganyiko: watemi waliouza mateka, wafanyabiashara wa pwani, na wanunuzi wa ng'ambo. Miongoni mwao walikuwamo Waislamu. Hatuwezi kulificha jambo hili kwa kuwa linatuchoma. Dini yetu imehimiza kuacha watumwa huru na ikakataza kumdhulumu mtu, kwa hiyo aliyemteka mtu huru na kumuuza aliikhalifu dini yake, hata kama alikuwa akiswali. Ni bora mtoto alisikie hili kwa mwalimu wake, kuliko alisikie barabarani kutoka kwa anayetaka kuitukana dini yake, akose la kusema. Vile vile haifai kulitumia jambo hili kuwabeza wenzetu wenye asili ya Kiarabu au ya bara. Dhambi ya babu hairithiwi na mjukuu, na wajukuu wa pande zote leo wanaswali safu moja.

5. WATEMI NA WAKOLONI

Historia ya Tabora ina mashujaa wake. Magharibi ya mji alitawala Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884. Aliunganisha tawala ndogo ndogo kuwa dola moja yenye nguvu, na mwaka 1871 akaifunga njia ya Ujiji kwa sababu ya ugomvi wake na Waarabu wa Tabora. Wilaya ya Urambo inabeba jina la nchi yake.

Mwingine ni Mtemi Isike wa Unyanyembe. Wajerumani walipokuja aliwapinga kwa miaka kadhaa. Mwezi Januari 1893, boma lake lilipovunjwa na majeshi ya Kijerumani, aliilipua ghala ya baruti akiwa ndani badala ya kutekwa.

Wajerumani walijenga reli ya kati kuanzia Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari ya miezi mitatu ikawa ya siku mbili tatu, na kazi ya upagazi ikafa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipozingirwa wakakosa fedha, walitengeneza sarafu katika karakana ya reli ya Tabora. Mojawapo ilikuwa sarafu ya dhahabu ya rupia 15, ya mwaka 1916, yenye picha ya tembo. Mwezi Septemba mwaka huo huo mji ulitekwa na jeshi la Wabelgiji lililotoka Kongo, na baada ya vita nchi ikawa chini ya Waingereza.

Tabora pia imo katika historia ya uhuru. Mwezi Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu huko. Waingereza walikuwa wameweka sharti kwamba kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wengi waliona ni dharau na wakataka kususia. Baada ya mjadala mkali, mkutano ulikubali kushiriki uchaguzi huo. Uamuzi huo uliitwa Uamuzi wa Busara, na njia ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 ikafunguka bila kumwaga damu.

6. ELIMU

Shule ya Wavulana Tabora ni ya miaka ya 1920, wakati wa Waingereza. Mwanzoni ilikusudiwa hasa watoto wa machifu. Mwalimu Julius Nyerere alisoma hapo, na baada ya kutoka Makerere alirudi kufundisha katika shule ya St. Mary's hapo hapo Tabora. Rashidi Kawawa, aliyekuwa Waziri Mkuu, naye alisoma Tabora. Vile vile Chifu Abdallah Said Fundikira, Mtemi wa Unyanyembe na waziri wa kwanza wa sheria baada ya uhuru. Ipo pia Shule ya Wasichana Tabora, ambayo ni miongoni mwa shule kongwe za wasichana nchini.

Leo mkoa una vyuo vya fani ambazo wanafunzi wetu wangefaa kuzifikiria: Chuo cha Uhazili, Chuo cha Ardhi, Chuo cha Reli, na Chuo cha Nyuki kinachofundisha ufugaji wa nyuki kwa njia za kitaalamu.

Lakini tuzingatie jambo moja. Mji huu ulikuwa na vyuo vya Qur'ani kabla ya shule za wakoloni. Shule za sekula nyingi zilipokuja zilikuwa za misheni, na wazazi wengi wa Kiislamu walihofia watoto wao wangebadilishwa dini. Hofu yao ilikuwa na sababu, lakini matokeo yake yalikuwa mazito, kwa kuwa vizazi kadhaa vilibaki nyuma katika utumishi na taaluma. Sisi wa leo hatuna udhuru huo. Mtoto anaweza kwenda shule asubuhi na madrasa jioni. Mzazi anayemwachisha mwanawe mojawapo ya mbili hizi anamkata mguu mmoja.

7. MISITU, NYUKI NA MAJI

Sehemu kubwa ya Tabora ni misitu ya miombo. Miti yake huangusha majani wakati wa kiangazi, kisha, kabla hata mvua haijanyesha, huchipua majani mekundu na ya rangi ya shaba mpaka msitu wote unaonekana kama unawaka. Mvua ikianza, ardhi hutoa uyoga wa namna nyingi, ambao akina mama huuokota na kuuza kando ya barabara. Kusini-magharibi kuna Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019, yenye viboko, mamba na wanyama wengine wengi. Wapo pia mbung'o wanaoeneza malale, ugonjwa uliowasumbua sana wazee wa huko.

Mti maarufu ni mninga, ambao mafundi seremala wetu wanausifu kwa vitanda na milango. Miti mingine ya miombo ndiyo malisho ya nyuki, na asali ya Tabora inajulikana nchi nzima. Qur'ani ina sura nzima, ya 16, inayoitwa An-Nahl, yaani Nyuki, na ndani yake asali imetajwa kuwa ni tiba. Wenzetu wa Sikonge na Uyui wanaishi na elimu hiyo kila siku. Hapo zamani mizinga mingi ilitengenezwa kwa magome: mti ulichunwa gome kuzunguka shina, mzinga ukapatikana, lakini mti ukafa. Siku hizi wataalamu wanahimiza mizinga ya masanduku, ambayo mfugaji huvuna asali bila kuua mti na bila kuchoma nyuki.

Misitu hiyo sasa imo hatarini. Baada ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga, ulioanza mwaka 1947, kushindwa, Urambo ikawa nchi ya tumbaku. Tumbaku imelipa karo za watoto wengi, hilo hatulikatai. Lakini mbali na madhara yake kwa mvutaji, majani yake hukaushwa kwa moto katika mabani, na moto huo unakula kuni nyingi kila msimu. Ongezea mkaa, mashamba mapya, mifugo mingi na moto unaoachwa ovyo. Msitu ukiisha, nyuki wanahama na visima vinakauka mapema. Kwa miaka mingi mji wa Tabora ulitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima, na maji yalikuwa ya shida. Miaka ya karibuni serikali imeleta maji ya Ziwa Victoria kwa mabomba hadi Nzega, Igunga na Tabora mjini. Hii ni neema kubwa, lakini bomba haliwezi kunywesha msitu wala shamba la kila mwanakijiji.

8. TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, bara na pwani ni ndugu. Kiswahili tunachojivunia hakikukuzwa na bahari peke yake. Kilikuzwa pia na mpagazi aliyebeba frasila mbili kichwani. Kwa hiyo, mwanafunzi wa madrasa hii akimwita mwenzake mshamba kwa kuwa ametoka bara, amejidhihaki mwenyewe.

Pili, historia isomwe yote, tamu na chungu. Anayesoma fahari tupu hubaki na kiburi, na anayesoma maovu tupu hubaki na chuki.

Tatu, misitu ni amana. Hata sisi tulioko mjini tuna sehemu yetu. Kabla ya kununua kitanda kipya cha mninga, kile cha zamani kitengenezwe. Na palipo na nafasi uani, upandwe mti wa kivuli au wa matunda. Kando ya njia ya misafara ipo miembe mikubwa mpaka leo. Waliokula embe wakatupa kokwa wamekwisha kufa zamani, lakini kivuli chao bado kinawafaa wapita njia.

Wanaopenda kuona kwa macho, safari si ngumu. Kwa reli ya zamani, Tabora ni kilomita zipatazo 840 kutoka Dar es Salaam, na hapo njia hugawanyika kwenda Kigoma na Mwanza. Treni ya umeme, ambayo tunaisikia ikipita Pugu, ilianza kwenda Dodoma mwaka 2024, na ujenzi wa kuifikisha Tabora na Mwanza unaendelea. Mwenye ndugu huko amtembelee, kwani kuunga udugu ni ibada.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja wilaya saba za mkoa wa Tabora.
2. Eleza kwa nini maji ya Igunga hayafiki baharini.
3. Mpagazi alibeba mzigo wa uzito gani, na safari yake ilichukua muda gani?
4. Uamuzi wa Busara ulikuwa uamuzi gani, na ulifanyika mwaka gani?
5. Muulize mzee mmoja wa nyumbani kwenu ametoka wapi na alifikaje Dar es Salaam. Andika majibu yake katika ukurasa mmoja uulete darasani.